Tupeane uzoefu: koti la mvua lililokuangusha siku ulipolihitaji

Kijana wa Mbagala
Wakuu, leo mvua imenikuta juu ya bodaboda nikiwa na koti ambalo lebo yake inaapa halipitishi maji. Nimefika kazini fulana imelowa mabegani kote. Nililichambua mwenyewe kwenye mitumba ya Karume, kitambaa hakina tundu hata moja. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Wawili
Mimi. Mabega hayohayo.

Fundi Cherehani
Ligeuze ndani nje utazame mishono. Kila sindano inapopita inaacha tundu. Koti la kuzuia maji kweli limegandishwa utepe juu ya mshono, upande wa ndani. Ni shida ya tangu enzi za Macintosh wa Scotland: mwaka 1823 alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya tabaka mbili, mafundi wakakishona, kikavuja kwenye mishono. Roho huniuma nikiletewa koti zuri lililopunguzwa mikono na mtu ambaye hakuziba alipotoboa.

Binti Tanga
Mie langu halikuvuja, limeoza sandukuni! Nimelivaa mara nne tu. Masika haya nalitoa, linanata kama ulimbo, utando wa ndani unabanduka magamba, yamegandia baibui langu jipya.

Mtu wa Kariakoo
Ndiyo mitumba hiyo.

Binti Tanga
Lilikuwa jipya, kaka. Soma kwanza.

Fundi Cherehani
Ule utando ni poliyurethani, dada. Joto na unyevunyevu wa pwani huula hata kama hulivai. Koti litundikwe penye hewa, lisikunjwe.

Mgumu wa Machame
Nimesoma nikakumbuka safari yangu ya tatu ya kubeba mizigo Kilimanjaro. Koti nililoazima lilikuwa la kufukuza maji tu, halizuii. Tumetoka getini Machame, mvua ikatushika msituni, matone yanateleza kama juu ya jani la myugwa. Nikajiona nimevaa. Baada ya saa mbili yakaacha kuteleza, kitambaa kikaanza kunywa. Ndani nina sweta la pamba na jinzi. Sikuwa na nguo za kubadili, nikalala nazo, kesho yake nikapanda nazo mpaka kambi ya Shira, mita 3,800 hivi.

Jua lilipozama nikatetemeka mpaka meno yanauma. Halafu nikaacha kutetemeka. Nikasikia joto, nikataka kuvua koti. Mwenzangu akaona vidole vinashindwa kushika zipu, hakuniuliza kitu. Alinivua zote, akanivika sweta lake la sufu, akaniingiza kwenye begi la kulalia na chupa za maji ya moto, akalala ubavuni kwangu hadi asubuhi. Nje suruali yangu ilisimama wima kwa barafu. Mpaka leo namwita kaka.

Mama Wawili
Mwili umenisisimka. Pole sana, baba.

Kijana wa Mbagala
Mkuu, kwa hiyo pamba ndiyo ilikuponza au koti?

Mgumu wa Machame
Vyote. Ila pamba ikishalowa haikuachi.

Mtu wa Kariakoo
Dar baridi ya wapi? Vaeni nailoni nzito ya elfu chache, maji hayapiti.

Mama Wawili
Na jasho halitoki. Nimevaa ile kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta, nikalowa kwa ndani kuliko waliotembea mvuani.

Mwalimu Njombe
Koti likianza kunywa maji, lifue kwa sabuni kidogo, lisuuze sana, usitie dawa ya kulainisha nguo, inaua kabisa ule uwezo wa kufukuza maji. Likikauka lipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, matone yatarudi kuteleza. Soma lebo kwanza.

Mtu wa Kariakoo
Pasi hapana! Langu lilibaki kwenye pasi.

Mwalimu Njombe
Nimesema moto mdogo.

Bibi wa Ilala
Nyie watoto, sisi tulivaa rambo kichwani na maisha yakaenda. Sasa tangu Juni 2019 hata rambo hakuna. Nunueni mwavuli.

Kijana wa Mbagala
Bibi, mwavuli kwenye bodaboda? Nimeligeuza koti, fundi. Utepe umebanduka mabegani pote pawili, pale mkanda wa begi unaposugua.

Fundi Cherehani
Lilete, utepe ninao. Na dada wa Tanga, hilo lililooza usilitupe. Kama zipu yake ni nzima, naihitaji.