Nimetuma maombi 37 ya kazi sijaitwa hata intavyuu moja, naombeni mniangalizie CV na barua

Binti wa Stoo:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada na msinionee huruma, nichaneni tu.

Nina miaka minne stoo, nilianza kama msaidizi sa hivi ndo mtunza stoo mwenyewe, cheti ninacho, kompyuta najua, ila tangu nianze kutafuta sehemu nyingine nimeshatuma maombi 37 (naandika kwenye daftari kila nikituma) na kimyaaa. Ningekuwa naitwa halafu nafeli huko ningejua shida ni mimi, lakini siitwi kabisa, kwa hiyo nahisi tatizo liko kwenye karatasi.

CV yangu ina kurasa 4. Nilidaunlodi ile templeti ya safu mbili, kushoto picha na vile vimistari vya Kiingereza asilimia 80, Excel asilimia 90. Juu kuna lengo: "Ni mchapakazi, mbunifu, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Kwenye uzoefu: "Kupokea mizigo. Kutoa mizigo. Kutunza kumbukumbu. Kazi nyingine nitakazopangiwa." Barua ya maombi ninayo moja, nabadilisha jina la kampuni na tarehe natuma.

Nakosea wapi?

Kibuyu:
Kurasa 4 kwa miaka 4, yani kila mwaka na ukurasa wake 😂😂 Halafu hiyo asilimia 80 ya Kiingereza ulipimwa na nani?

Mchujaji mstaafu:
Kibuyu acha utani mtoto wa watu anatafuta kazi.

Mdogo wangu mimi sio mtu wa eichiaa (wale wa idara ya kuajiri) ila niliwahi kutupiwa kazi ya kuchuja maombi ofisini, nafasi moja, rundo la CV. Ya kwanza niliisoma mpaka nukta ya mwisho. Kufika ya thelathini nilikuwa naangalia kazi ya mwisho, miaka, na kama anachofanya kinafanana na tunachotafuta, basi, inayofuata. Sio roho mbaya, macho yanachoka. Sasa hiyo "kupokea mizigo kutoa mizigo" wote wameandika hivyo hivyo maana ndio kazi ya stoo na tunaijua. Swali ni kwamba ulipoingia wewe kulibadilika nini. Hebu nijibu hapa hapa, stoo uliikutaje na sasa ikoje?

Binti wa Stoo:
Mmh sijafanya cha ajabu kwa kweli. Ina bidhaa kama 1,200. Nilivyoingia kuhesabu mwisho wa mwezi tulikuwa tunakesha siku 3, nikazipa rafu namba na kila bidhaa kadi yake, sa hivi siku moja tunamaliza. Af kulikuwa na vitu vinaisha muda huko nyuma ya rafu hamna anayejua, nikaanza kuvileta mbele vinavyokaribia kuisha ili vitoke kwanza. Ila si ndo kazi yenyewe hiyo jamani?

Mchujaji mstaafu:
Haya sasa! Umemaliza kuandika CV na hujui. Futa zile sentensi nne weka hivi: "Nasimamia stoo ya bidhaa 1,200. Nilipanga upya rafu kwa namba na kadi, muda wa kuhesabu ukashuka kutoka siku 3 hadi siku 1." Ya pili iwe ya vitu kuisha muda. Neno mchapakazi halimo ila nimeshakuona unachapa kazi. Na lile lengo la juu litoe, weka mistari miwili ya wewe ni nani na umefanya nini, kazi ya sasa ianze juu ya zamani ishuke chini, kurasa 2 mwisho.

Fundi Panya:
Nije na upande wa mashine. Kampuni nyingi kubwa ukiaplai mtandaoni CV inapita kwanza kwenye programu ya kupokea maombi. Watu wanaisingizia mambo mengi, mara nyingi inapanga tu taarifa na kutafuta maneno, mwenye uamuzi bado ni mtu, lakini templeti za safu mbili, majedwali na viboksi vinaweza kuivuruga. Jaribu hivi, fungua CV yako, kopi maandishi yote, pesti Notepad, ile programu ya maandishi matupu. Ukiona uji pale ujue na programu inaweza kuona uji.

Binti wa Stoo:
Jamani. Nimefanya. Namba ya simu HAIPO. Niliiweka kwenye kile kiboksi juu pembeni ya picha. Af jina la mdhamini limeingia katikati ya shule ya msingi 😭

Kibuyu:
Sasa wangekupigia kwa filimbi?

Fundi Panya:
Safu moja, maandishi ya kawaida, namba juu kabisa chini ya jina. Na tumia maneno ya kwenye tangazo kama kweli unayafanya, wakiita "udhibiti wa stoku" na wewe usiite "kuangalia mizigo". Kutuma tuma PDF labda waseme wanataka Word. Picha, dini, ndoa, weka wakiomba tu. Marekani na Uingereza picha hata hawaitaki, kuna nchi nyingine ni kawaida kuiweka, kwa hiyo soma tangazo.

Nyota ya Alfajiri:
Na wadhamini wapigie simu kwanza! Mimi nilimweka bosi wa zamani bila kumwambia, wakampigia akajibu "nani huyo?" Kazi ikaota mbawa.

Gari Bovu:
Ongeza miaka iwe sita nani atajua, barua zenyewe hazisomwi

Mchujaji mstaafu:
Gari Bovu usimpoteze mtoto, simu moja tu kwa bosi wake hiyo miaka miwili inayeyuka na yeye anayeyuka nayo. Barua kweli wengine hawasomi, ila zikibaki CV mbili zinazolingana ndipo zinafunguliwa. Nilishasoma barua inasema "nina hamu kubwa ya kufanya kazi" halafu jina la kampuni nyingine kabisa, unadhani tulifanyaje?

Binti, kwa sasa kuna tangazo gani unalilenga?

Binti wa Stoo:
Ghala la dawa, wanataka mtu wa kutunza kumbukumbu na kufuatilia tarehe za kuisha muda.

Mchujaji mstaafu:
Basi barua inaanzia hapo. Leonardo da Vinci mwaka 1482 hivi aliandika barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Mchoraji yule, lakini barua karibu yote ni madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita, uchoraji kaugusa mwishoni. Alijua anayemwandikia anawaza vita. Wako wanawaza dawa kuisha muda, kwa hiyo hadithi ya rafu za nyuma ndio aya yako ya pili, ile ya kuhesabu siku moja ifuate. Aya ya kwanza nafasi unayoomba na namba ya tangazo, ya mwisho lini unapatikana. Ukurasa mmoja usijae. Na usianze na "mimi ni binti mwenye umri wa miaka", watakuuliza wakitaka.

Binti wa Stoo:
Nimeandika hivi, niambieni: "Naomba nafasi ya mtunza ghala mliyoitangaza. Kwenye stoo ninayosimamia, bidhaa zilikuwa zinaisha muda nyuma ya rafu bila mtu kujua. Nilianza kukagua tarehe kila wiki na kutoa kwanza zinazokaribia kuisha."

Nyota ya Alfajiri:
Hapo ningekuita mwaya.

Fundi Panya:
Safi, ila namba ya tangazo umeisahau. Na faili umeliitaje?

Binti wa Stoo:
... "CV mpya ya mwisho kabisa 3" 🙈

Fundi Panya:
Jina lako, halafu mtunza ghala. Badilisha kabla hujatuma ya 38.