Katuni za safari kwa mtoto wa miaka saba

Mama wa Arua:
Binti yangu yuko darasa la pili. Kitabu cha hadithi kilichogawanywa kwa sura anakifunga ukurasa wa tatu, lakini katuni anaishika mpaka ugali wa muhogo unapoa. Nimtafutie ipi ndefu, yenye safari na hatari?

Mwalimu, Jinja:
Dada, Bone ya Jeff Smith. Juzuu 9, hadithi moja: binamu watatu wamepotea mbali na mji wao. Panya wakubwa wanatisha, msomee mchana. Tintin, katuni za kijana mwandishi wa habari, zingoje kwanza: viputo, yale maduara ya maneno ya wahusika, vimejaa maandishi.

Mama wa Arua:
Kiingereza bado kinamkwaza.

Baba wa watoto wawili, Kampala:
Gawaneni wahusika. Mwanangu alichagua mmoja tu, akasoma viputo vyake kila jioni. Tulipoingia mwezi wa pili wa kusoma hivyo, akaninyang'anya kitabu.