Jahazi la mfano na vumbi: kabati la kioo lizibwe kabisa au liachiwe upenyo?

Mkaa_Ufuoni
Wakuu, salamu. Nina jahazi la mfano lililochongwa kwa mkono, kazi ya Lamu. Kutoka omo (mbele) hadi shetri (nyuma) ni sm 60, mlingoti unafika sm 62. Tanga ni la kitambaa cha marekani (pamba), kamba zote uzi wa pamba. Limekaa wazi juu ya rafu sebuleni, Mombasa. Kaskazi hii vumbi limeganda mpaka kamba zimeota manyoya, na tanga linaingia ukijivu. Nikipangusa kwa kitambaa, kinanasa. Nilisafishe vipi? Na kabati liwe la kioo au akriliki? Nimeshauriwa nizibe kila upenyo kwa silikoni.

Foromali
Safisha kwanza, usije ukalifungia vumbi ndani. Kitambaa na ufagio wa manyoya weka kando, vyote vinanasa kwenye jarari (kamba za tanga) na kung'oa vitu vidogo. Tafuta brashi mbili: ile laini ya kupakia poda usoni, kwa ajili ya mbao na tanga, na brashi ya kuchorea namba 4 kwa kamba na pembe. Mashine ya kufyonza vumbi iweke kwenye nguvu ya chini kabisa, uivike mdomoni soksi ya kike ya nailoni na kuifunga kwa mpira. Kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba) au kijiti kikichomoka utakikuta kwenye soksi, utakigundisha tena.

Mdomo wa mashine usikaribie chombo chini ya sm 5. Brashi ndiyo inayosukuma vumbi, mashine inalipokea. Anza kileleni mwa mlingoti, fuata foromali (mti wa mshazari unaobeba tanga), tanga, kamba, halafu sitaha mwisho. Kila kamba iwekee kidole kwa nyuma ndipo upitishe brashi, la sivyo fundo linalegea.

Kamba usizitie maji kabisa. Uzi wa pamba ukilowa unafupika, henza (kamba ya kupandishia foromali) inavuta foromali, na mlingoti mwembamba unavunjikia shinani. Mbao zikiwa na mafuta ya jikoni, tumia kijiti cha pamba kilicholowa kidogo na kukamuliwa, na ujaribu kwanza karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) pasipoonekana. Makopo ya hewa ya kupuliza yanasukumia vumbi ndani ya mafundo, achana nayo.

Kuhusu kabati: umepima mlingoti, lakini ncha ya foromali hupanda juu kuliko mlingoti, na miisho yake huchomoza kupita chombo. Kipimo chako ni foromali, kisha uongeze sm 5 kila upande. Tuseme ncha inafika kimo cha sm 70, na urefu wote pamoja na miisho ya foromali ni sm 70, basi kabati la 80 × 35 × 75 litakutosha. Kuta nne na paa ni kama mita 2 za mraba. Kwa kioo cha mm 4 ni kilo 20 hivi. Akriliki ya unene huo haifiki kilo 10, ila ukiifuta kwa kitambaa kikavu inapata umeme tuli na kuvuta vumbi, tena inakwaruzika upesi. Kwa chombo kisichohamahama, chukua kioo.

Bi_Kapi
Nakubaliana na Foromali, ila hilo la kuziba kila upenyo, ndugu yangu, usilifanye. Kabati linapumua. Mchana hewa ya ndani inapata joto, inatanuka na kutoka. Usiku inapoa na kuvuta ya nje. Hewa itapita tu, na vumbi lake, kwenye ufa wowote utakaosahaulika. Kazi yako ni kuichagulia njia. Toboa matundu mawili ya mm 10 kwenye kitako, upande wa nyuma, uyafunike kwa vipande vya barakoa ya hospitali. Viungo vingine vyote ziba. Hewa itapita palipo rahisi na kuacha vumbi kwenye kitambaa. Kibadilishe kila miezi 6.

Silikoni inayonuka siki inatoa mvuke wa asidi unaokula shaba na risasi, kwa hiyo misumari midogo ya shaba itabadilika rangi. Muulize muuzaji ile isiyo na asidi. Yoyote utakayotumia, acha kabati wazi wiki 2, mpaka harufu iishe kabisa. MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) nayo inatoa mvuke wa namna hiyo kwa muda mrefu, usiifanye kitako. Fundi wa madirisha akukatie fremu ya aluminiamu, na kitako kiwe bati la aluminiamu juu ya ubao.

Vipakiti vya silika usivitegemee. Kwenye kabati linalopumua vinashiba unyevu siku chache tu, masika ndiyo kabisa. Afadhali kabati likae sm 10 kutoka ukutani, lisipigwe na jua, na taa ibaki nje: joto la taa linaongeza kule kupumua.

Mataruma
Kabla hujafunga, lichunguze hilo vumbi. Tandika karatasi nyeupe chini ya chombo kwa siku 3. La nyumba ni la kijivu, lina nyuzinyuzi. Ukiona unga laini wa rangi ya mbao, umejikusanya kichuguu chini ya tundu la mm 1 au 2, hao ni bungua (wadudu watoboao mbao), na kabati litawafugia humo humo. Legeza henza, tia chombo kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa na ufunge kwa utepe wa gundi, kisha kiweke kwenye friza ya nyuzi −18 kwa wiki 2. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema, mvuke wa hewa unagandia kwenye mbao baridi na tanga linalowa.

Mkaa_Ufuoni
Shukrani sana. Karatasi nimetandika leo. Tanga limelegea; nilipake wanga kidogo likae sawa?

Bi_Kapi
Hapana. Wanga ni chakula cha mende na kuvu. Kaza demani (kamba ya pembe ya chini ya tanga) kidogo, basi.