Majirani Chumbageni: ashkrimu za ukwaju

Mama Salma: Jamani, ashkrimu za ukwaju zimetoka mawe. Mtoto akifyonza mara tatu rangi yote imeisha, mkononi kinabaki kipande cha barafu nyeupe. Kosa nini?

Bi Mwanaidi: Sukari kiasi gani?

Mama Salma: Nusu kikombe kwa lita ya maji. Nilipoonja ilikuwa tamu sawasawa.

Bi Mwanaidi: Basi ndo hapo. Ikiwa tamu sawasawa kwenye glasi, ikiganda inakuwa chapwa, ulimi uliopoa hausikii sukari vizuri. Onja mpaka useme "mh, hii imezidi kidogo". Tena sukari si ya utamu tu, ndiyo inayozuia maji yasigande yote yakawa jiwe.

Rehema: Ila usije ukamwaga vikombe viwili kwa lita, zitabaki uji mpaka kesho 😂

Mama Salma: Nipeni vipimo basi, si vicheko.

Bi Mwanaidi: Ukwaju robo kilo, maji lita moja na robo. Chemsha maji yote. Lita moja mimina kwenye ukwaju yakiwa moto, funika nusu saa, fikicha kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu, chuja. Rudisha jikoni na sukari kikombe kimoja na robo (gramu 250) na chumvi chembe tu. Sukari iyeyuke yote. Isipoyeyuka inazama, ashkrimu inakuwa tamu upande mmoja na upande huo haugandi.

Rehema: Na konflawa, Bi Mwanaidi, umeisahau.

Bi Mwanaidi: Sijaisahau, nilikuwa nachapa. Ile robo lita iliyobaki ipoe kabisa, koroga humo konflawa kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, mimina kwenye sufuria huku unakoroga. Ikitokota dakika mbili tatu, epua. Uzito huo ndio unaofanya chembe za barafu ziwe ndogo, juisi isifyonzwe ikaacha barafu. Konflawa ukiiweka moja kwa moja kwenye maji ya moto inafanya madonge.

Baba Iddi: Maji ya bomba bila kuchemsha hapana? Si yanaganda?

Rehema: Kuganda hakuui vijidudu, Baba Iddi. Vinalala tu.

Mama Jeni: Embe je? Dodo zimejaa sokoni.

Rehema: Embe haitaki konflawa, nyama yake inatosha. Nyama nusu kilo, maji ml 300, sukari gramu 80, ndimu moja. Saga, chuja nyuzi. Tikiti ni maji matupu, lita ya juisi itake nusu kikombe cha sukari na ndimu. Pasheni zungusha kwenye blenda sekunde chache tu, mbegu zikisagika inakuwa chungu.

Mama Jeni: Nanasi na maziwa?

Bi Mwanaidi: Nanasi lisilochemshwa linakata maziwa na kuyatia uchungu. Weka tui la nazi, halina shida hiyo. Ukiyang'ang'ania maziwa, chemsha nanasi dakika tano kwanza, lipoe.

Baba Iddi: Zangu hupasuka vifuko.

Rehema: Unajaza mpaka shingoni. Maji yakiganda yanaongezeka karibu sehemu moja ya kumi. Acha vidole viwili juu, kamua hewa, ndo ufunge fundo. Juisi iwe imepoa kabisa, kisha vilaze mstari mmoja. Ukivirundika, vya katikati vinachelewa na chembe zinakuwa kubwa. Kwa muda wa saa 8 usifungue fungue friza.

Mama Salma: Na umeme ukikatika?

Rehema: Usifungue mlango. Zikishayeyuka usizirudishe hivyo hivyo, sharubati inajitenga na maji na unapata yale yale ya barafu nyeupe. Kama bado ni za baridi, kata vifuko, mimina kwenye jagi, wanywe.

Mama Jeni: Za vijiti?

Bi Mwanaidi: Kijiti usichomeke mwanzo, kitalala. Subiri saa moja na nusu hivi, ikiwa kama theluji, kitasimama chenyewe. Kutoa, chovya chombo kwenye maji ya bomba sekunde 15. Ukivuta kwa nguvu unabaki na kijiti.

Mama Salma: Robo kilo ya ukwaju inatoa ngapi?

Bi Mwanaidi: Kifuko cha ml 80, kama 15 hivi. Ila bila faneli nusu itaishia mezani.

Mama Salma: Faneli sina.

Rehema: Ninayo. Mtume Salma, na aje na kibakuli, kuna ukwaju umebaki.