Mafundi wa dari: mapambo ya Chicago Theatre yalitengenezwaje?

Fundi_Igoma:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi jipsamu hapa Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Wiki iliyopita bosi mmoja anayejenga ukumbi wa sherehe Nyakato kanionyesha picha kwenye simu: Chicago Theatre, jumba la maonyesho la mji wa Chicago, Marekani, lililofunguliwa 1921. Akasema, "Fundi, nataka hivi." Nikacheka. Kumbe mwenzangu hatanii.

Nimezikodolea zile picha hadi chaji ikaisha. Mbele kuna tao kubwa kama lango la mji, maua na mashada juu hadi chini, jeupe la maziwa. Sebule ya kuingilia imekwenda juu ghorofa tano, nguzo, ngazi pana, na dari hujui jicho uliweke wapi. Lile tao ni jiwe la kuchonga? Na dari waliichonga kwa mkono au kuna ujanja? Nimeshampa bei ya mikanda yetu ya kawaida, ile ya urembo wa pembeni mwa dari, sasa naona aibu.

MtuWaBugando:
Mkuu, si jiwe. Ni udongo wa kuchomwa. Mchongaji anatengeneza ua moja, linapigiwa kalibu ya plasta, udongo unashindiliwa humo, unakaushwa, unapakwa ule uji unaogeuka kioo motoni kama kwenye vikombe vya chai, kisha tanuruni. Kalibu moja inazaa maua hata mia.

Mji wa Chicago uliungua vibaya 1871, wajenzi wakajua kwamba chuma kitupu kikipata moto kinapinda. Wakawa wanakivika udongo huo. Urembo ukafuata. Wasanifu ni ndugu wawili, Cornelius na George Rapp. Tao walilitoa kwenye Arc de Triomphe, lile tao la ushindi la Paris. Jumba lilifungwa 1985, likakarabatiwa, mwaka uliofuata Frank Sinatra akalifungua kwa kuimba.

Mama_Nansio:
Marehemu bibi yangu alikuwa mfinyanzi Ukerewe. Fundi, usione rahisi hiyo kalibu, udongo unanywea ukikauka. Ukitaka ua la shubiri, finyanga kubwa zaidi. Bibi alikuwa anatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, anachekecha, anachanganya kwenye udongo mbichi ili chungu kisipasuke. Sisi wajukuu ndio tuliotumwa jalalani kuokota vigae. Nilichukia kazi ile!

Fundi_Igoma:
Shikamoo mama, hilo la vigae sikulijua. Na dari je?

Plasta_Mkavu:
Dari za majumba ya enzi zile ni kazi yako hiyohiyo, kaka. Jipsamu kwenye kalibu, ndani nyuzi. Wewe unaweka katani, Waingereza waliweka nguo ya gunia. Vipande vinapandishwa vikiwa vikavu, vinaning'inizwa kwenye fremu, maungio yanazibwa. Marumaru ya nguzo nayo, mara nyingi ni plasta iliyotiwa rangi ikasuguliwa hadi ing'ae.

Shida iko juu, ambako mteja haoni. Apollo ya London, jumba la maonyesho la 1901, dari yake ilishuka Desemba 2013 onyesho likiendelea, watu zaidi ya 70 wakaumia. Magunia yaliyochovywa plasta, yaliyoshikilia dari, yalikuwa yamechakaa. Hakuna aliyekuwa anatazama huko.

Fundi_Igoma:
Umenigusa pabaya. Mwaka juzi mkanda wangu wa mita tatu uliangukia kitanda cha mteja Kirumba. Bahati wenyewe walikuwa msibani. Nilikuwa nimegandisha kwa jipsamu na misumari mifupi, bati likavuja masika nzima, katani ikalowa ikawa kama mrenda. Nilirudisha hela, na bado nikipita mtaa ule nakaza mwendo.

Bosi kanipigia asubuhi hii anauliza maua. Nimemwambia maua yapo, kalibu nitachonga mwenyewe. Ila Jumamosi aniazime ngazi ndefu, nipande darini nikaone bati zake zinavuja wapi.