Mume Brescia, mimi Malindi: uraia wa ndoa tuombe kwa njia ipi?

BintiMaweni
Asalaam aleikum wote. Nimepitia nyuzi za nyuma kuhusu uraia wa ndoa, na karibu kila anayesimulia analala nyumba moja na mwenzake. Sisi sivyo, ndiyo maana naanzisha uzi wangu.

Mume wangu ni Mtaliano, ana karakana ya madirisha ya alumini Brescia. Huja Desemba akaondoka Machi mvua zikikaribia, na Agosti hupata wiki 3. Mimi niko Maweni na mamangu, amepooza upande mmoja, siwezi kumwacha miezi na miezi. Ndoa ina miaka 5 na kitu. Tulifunga kwa msajili, na kule kwao imeshaingizwa kwenye daftari la manispaa. Mtoto hatujajaliwa.

Naona njia tatu. Niombe uraia wa Italia nikiwa hapa hapa. Au nihamie kwake, nikae, niombe nikiwa huko. Au tuachane na Italia, yeye ndiye aombe wa Kenya, maana anataka kuzeekea Mayungu. Kila ninayemuuliza ananijibu "lakini hamuishi pamoja, mtakataliwa". Nani anajua kwa hakika?

Casuarina77
Waaleikum salaam dada. Njia ya kwanza nimeipita mwenyewe, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Sheria yao ni namba 91 ya 1992, kifungu cha 5. Ukikaa Italia kisheria baada ya ndoa, unangoja miaka 2. Ukiwa nje ya Italia, miaka 3 tangu mfunge ndoa. Mkiwa na mtoto muda unakatwa nusu. Wewe wa miaka 5 umeshavuka zamani.

Sasa hilo la kukaa mbalimbali. Wanachotaka ni ndoa iwe hai mpaka siku amri ya uraia inapotolewa: isiwe imevunjwa, isiwe imebatilishwa, na pasiwe na utengano wa kisheria. Utengano huo ni ule unaopitishwa kisheria ukaandikwa, si mume kuwa karakanani na mke kuwa anamuuguza mamake. Wanaokutisha wanachanganya mambo mawili.

Penye utata ni kwingine. Mumeo ameandikishwa wapi? Mtaliano anayehamia nje kwa zaidi ya miezi 12 huingia AIRE, daftari la Wataliano walio ng'ambo. Wangu yumo, anwani yake ni yangu. Wako anaishi Brescia, kwa hiyo haingii, na asije akashauriwa kudanganya kwamba amehamia Malindi. Kodi yake na daktari wake vinafuata daftari hilo. Basi karatasi zenu zitaonyesha anwani mbili. Jiandae kuulizwa, na uwe na la kuonyesha: tiketi za kila msimu, pesa anazotuma, barua. Mimi ningeuandikia ubalozi Nairobi kwanza, nipate jibu la maandishi kabla sijatoa hata senti.

Ada ni euro 250. Kungoja ni miezi 24, na wana ruhusa ya kufika 36. Mamangu mdogo anatucheka sana. Yeye aliolewa na Mtaliano 1979, na enzi hizo, kabla ya Aprili 1983, mke mgeni alikuwa Mtaliano kwa ndoa yenyewe. Hakuna fomu, hakuna mtihani.

BintiMaweni
Mtihani gani tena? Kitaliano nazungumza tangu nauza vinyago ufukweni.

Casuarina77
Cheti cha lugha cha kiwango cha B1. Kimekuwa lazima tangu Desemba 2018. Vinavyokubalika ni vya CILS, CELI, PLIDA na kile cha Chuo Kikuu cha Roma Tre; ulizia tarehe kwenye Taasisi ya Utamaduni ya Italia pale Nairobi.

Na usijidanganye na Kitaliano cha ufukweni, nilijidanganya mimi. Kusema nilipata alama nzuri. Kwenye kuandika nikaanguka, kwa sababu sisi tumekiokota kwa masikio na tunakiandika kama Kiswahili. Karatasi yangu ilijaa "ke", "kwesto", "chao" badala ya "che", "questo", "ciao". Nilirudia baada ya miezi kadhaa ya kunakili mapishi kutoka nyuma ya pakiti za tambi, usicheke.

KakaLangoni
Salamu kutoka Amu. Hiyo njia ya tatu nimeiona kwa karibu, shemeji yangu ni Mjerumani. Watu wa pwani wanaiona ndiyo rahisi kwa vile iko nyumbani. Kwenu nyinyi ndiyo ngumu kuliko zote.

Katiba, kifungu cha 15, inasema aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa miaka 7 au zaidi ana haki ya kuandikishwa akiomba. Nyinyi bado miaka 2 hivi. Lakini shuka kwenye Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 11. Ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa Kenya, isiwe ya kutafutia karatasi za uhamiaji, na wawili hao wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Hayo ya mwisho yasome mara mbili. Italia inakuuliza kama kuna aliyewatenganisha kisheria. Kenya inakuuliza mnaishi pamoja au hamuishi. Mume wa Desemba hadi Machi na wiki 3 za Agosti, utamjibu nini karani?

Shemeji na dadangu walihojiwa mmoja mmoja, milango imefungwa. Yeye aliulizwa jirani wa mkono wa kulia anaitwa nani. Alimtaja mpaka na punda wake.

Ila usiitupe njia hiyo. Kama ni kweli anataka kuzeekea Mayungu, mgeni hapa hamiliki ardhi ila kwa kukodishwa, isiyozidi miaka 99, Katiba kifungu cha 65. Akiwa raia anamiliki kama wewe. Basi aifunge karakana kwanza, ahamie kweli, akae, ndipo aombe. Na mshukuru Katiba ya 2010; kabla yake mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakuwa na mlango huo kabisa. Ulikuwa wa wake wa wanaume wa Kenya tu.

MpwaniHalisi
Mimi naona mnajitesa bure. Uraia wa nini? Chukua viza ya familia, nenda kamwone mumeo, rudi. Pasipoti ya Kenya si ukoma.

Casuarina77
Una hoja, na wengi hawaijui. Mke wa Mtaliano anayekwenda kuishi na mumewe halipii viza, na akifika anapata kadi ya ukaazi ya miaka 5. Lakini kadi hiyo haipendi mtu wa kwenda na kurudi. Ukikosekana zaidi ya miezi 6 kwa mwaka, kwa kawaida unaitia hatarini. Kwa mwenye mgonjwa nyumbani hiyo ni kamba shingoni. Raia anaondoka miaka 10 na akirudi hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi.

Ndiyo maana hata njia ya pili ya BintiMaweni siipendi. Ile miaka 2 ni ya kukaa kweli kweli, umeandikishwa kwenye manispaa, si ya kuhesabia viza. Na miaka 5 ya ndoa uliyonayo huko haikusaidii kufupisha, unaanza kuhesabu siku unapoandikishwa. Uache njia uliyokwisha kuifuzu uende kuanza nyingine, kwa nini?

ShelaUghaibuni
Mwenzenu niko Southampton, kwetu Shela. Nawaambia Wataliano ni wapole. Huku Uingereza, ukiwa mke wa raia, unaomba baada ya miaka 3 ya kuishi hapa hapa, ukiwa tayari na kibali cha kudumu, na wanahesabu siku. Usizidi 270 nje kwa miaka hiyo 3, wala 90 katika mwaka wa mwisho. Niliporudi kumzika baba nikakaa arubaini yote, nilikuwa nahesabu kwa vidole huku nalia. Kumwombea mke aliyebaki Shela uraia wa huku hakuna, ndoa iwe na miaka 3 au 30.

Dadangu wa Minneapolis naye: Marekani mwenye kadi ya kijani anaomba kwa miaka 3 badala ya 5 akiwa anaishi na mumewe raia muda wote huo. Wakiishi mbalimbali, anangoja 5 kama watu wengine. Kwa hiyo BintiMaweni, umeolewa nchi inayokufaa.

Mwenye_Dau
Swali la kando. Mimi mke wangu ni Mtaliano, tulifungishwa nikahi nyumbani na shehe, mashahidi wapo, cheti hatukuchukua. Inahesabika? Na kama nina mwengine kabla yake?

KakaLangoni
Kakangu, nikahi ni sahihi mbele ya Mungu, lakini karani wa Italia anaingiza daftarini karatasi, haingizi shehe. Andikisheni ndoa, Sheria ya Ndoa ya 2014 imeziweka za Kiislamu ndani. Hilo la pili Italia hawana mke wa pili, na wakikuta ndoa ya kwanza ipo, ya kwenu haiingii. Nenda kwa wakili, si hapa.

MzeeSilversands
Niongeze moja ambalo vijana hawapendi kulitaja. Waume wengi wa hapa Malindi ni wazee wenzangu. Mume akifa maombi yakiwa njiani, zamani mke alikuwa anapoteza yote. 2022 Mahakama ya Katiba ya Italia ilisema, hukumu namba 195, kifo cha mwenzi wakati huo hakizuii uraia. Utengano wa kisheria bado unazuia. Kwa hiyo mkigombana, binti yangu, gombaneni kwa simu tu, msifike kwa wakili mpaka amri ya uraia itoke.

BintiMaweni
Mzee wangu, nimecheka mpaka mama kaniuliza kuna nini.

Nimeongea na mume jana. Kweli hayumo AIRE, na haingii. Amekubali tuandike kwa ubalozi tueleze kama ilivyo, yeye huko, mimi huku kwa sababu ya mama. Hilo la Kenya tumeliweka mpaka atakapoikabidhi karakana kwa mpwa wake. Sasa natoa karatasi moja moja kwenye bahasha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, kitambulisho kinasema Mwanaesha. Broka mmoja hapa mjini anasema hati ya kiapo ya wakili inatosha, anataka elfu 15.

Casuarina77
Usimpe. Mimi nilikuwa na Fatma na Fatuma, nikatoa hati ya kiapo, nikaambiwa turudishe karatasi zifanane. Herufi moja ilinila miezi 4. Sahihisha cheti chenyewe kwenye ofisi ya vizazi na vifo, ndipo uende kwenye mihuri: Wizara ya Mambo ya Nje, tafsiri ya Kitaliano, ubalozi. Cheti cha tabia njema kiache mwisho kabisa, maana kinachakaa kwa miezi 6. Kama umewahi kuishi nchi nyingine tangu una miaka 14, utahitaji na cha huko.

BintiMaweni
Nilikaa Muscat miaka 2, kazi za nyumbani.

Casuarina77
Basi anza na hicho leo. Ndicho kitakachochelewa.

KakaLangoni
Na ukishapata, usisahau huku nyumbani. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa pili, lakini sheria inakutaka utangaze ndani ya miezi 3. Kunyamaza ni kosa, faini inafika shilingi milioni 5, au kifungo miaka 3, au vyote viwili. Watu wanaingia kwa pasipoti mbili kama wana kadi mbili za simu.

BintiMaweni
Nimeandika yote kwenye daftari la mama la dawa, ndilo lililokuwa karibu. Kesho natafuta vitabu vya mtihani. Gratsie mille wote!

Casuarina77
Grazie. Kwa z. Hapo umeshapoteza alama.