Kwenye Cheers utani ule ule ulidumu vipi miaka 11? Wa kwetu umeshachuja

Binti_Makulu

Mbukwenyi wakuu, poleni na majukumu. Nina swali kwa wapenzi wa komedi za zamani, hasa ile ya Marekani ya baa ya Boston, Cheers.

Sisi tuna kakikundi huku Dodoma, tunarekodi vipande vifupi kwa simu tunarusha mtandaoni, na mara moja moja tunaigiza mbele za watu. Hadithi yetu yote iko ndani ya grosari moja ya mtaani, kuna mama mwenye grosari, mhudumu, kijana wa bodaboda, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Dar na mzee mstaafu tunayemwita Mzee Mafao. Huyu mzee kila akiingia watu wote wanapaza sauti "Mafaooo!" na yeye anajibu "yanaingia wiki ijayo", anakaa, anaagiza, afu anasema niandikie. Mwanzoni watu walikuwa wanavunjika mbavu kabisa, sasa hivi akiingia kimyaa, juzi kuna mtu ameandika chini ya video tubadilishe kaseti.

Ndo nikaamua kuiangalia Cheers toka mwanzo. Imeanza 1982 imeisha 1993, sizoni 11, na vitu vyao ni vile vile mpaka unashangaa, Norm yule mteja wa kila siku anaingia wote wanaita "Norm!", Cliff yule wa posta anatoa elimu ambayo hakuna aliyemuomba, Carla anamtukana mteja huku anamwekea glasi, na mke wa Norm anasemwa kila siku na haonekani. Na mimi nacheka kila mara, hata ya mara ya ishirini nacheka. Kwa nini wao wanaweza na sisi tumekwama? Wenzangu wanataka Mzee Mafao tumtoe kabisa na mi roho inauma, huyu mzee nampenda na aliyemuigiza anajua kazi.

Kibaigwa_Boy

Dada mtoeni tu, watu wa siku hizi uvumilivu hawana, wanapeleka kidole juu video imepita. Leteni mtu mpya kila mwezi.

Mwl_Mpwapwa

Kibaigwa hapana, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

Binti, mzee usimguse, gusa jibu lake. Mimi hii komedi nimeiangalia sana na naipenda kwa moyo wote kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu. Angalia vizuri Norm anavyoingia, kuna vipande vitatu. Cha kwanza anasalimia, watu wanaitikia kwa pamoja "Norm!" na hicho hakibadiliki. Cha pili kuna mtu wa kaunta anamuuliza swali, maisha vipi, unasemaje, nikupe nini, na hilo linabadilika kidogo tu. Cha tatu ni jibu la Norm, na hilo jibu ni JIPYA kila siku. Kuna siku kaulizwa hali akajibu kwamba dunia hii mbwa wanalana na yeye leo kavaa chupi ya biskuti za mbwa! Sasa mtazamaji akisikia ile kelele ya "Norm!" anakuwa ameshajiweka sawa masikio yanasubiri leo atasema nini, ile kelele yenyewe haichekeshi, inafungua mlango tu. Nyie mmefunga vyote, kelele ile ile na jibu lile lile, mtu akishasikia "Mafaooo" hana tena cha kusubiri, ameshafika mwisho kabla mzee hajakaa.

Na majibu ya Norm hayatoki hewani, yanazunguka mambo machache sana, bia, mke, kukosa hela, mwili wake, uvivu wa kazi. Uwanja mdogo ila mpira unapigwa kila upande. Kwa hiyo Mzee Mafao abaki na mafao yake, yasije yakatoka hata siku moja, lakini kila siku yawe yamekwamia sehemu mpya. Leo jina limekosewa herufi, kesho wameambiwa walete cheti cha kuzaliwa cha baba yake mzazi, keshokutwa faili limeenda Dar kwa treni na yeye yuko Dodoma na ofisi nayo imehamia Dodoma, yaani vyote vimepishana njiani.

Kitu kingine ambacho watu hawakioni ni Diane. Yule mhudumu msomi yeye haiti Norm pamoja na wengine, anasubiri wamalize afu peke yake anasema "Norman". Sauti moja ya adabu imechelewa sekunde moja nyuma ya kelele ya baa nzima. Hapo umeshamjua Diane ni nani, kwamba anataka kuwa ndani ya kundi na hawezi kuwa kama kundi, na hakuna aliyekuelezea. Kwa hiyo ule utani mmoja unamchora Norm, unachora baa, unamchora na Diane, vyote ndani ya sekunde tano. Jiulize kelele yenu ya "Mafaooo" inamchora nani? Yule mtumishi wa Dar anaita kama wengine? Kwa nini aite kama wengine wakati yeye kila siku anasema hapa anapita tu?

Mama_Ntyuka

Mwalimu umeongea vizuri sana, naomba niongezee kidogo kama mama mtu mzima.

Binti yangu, mimi video zenu nimeziona na kilichonikwaza ni kingine kabisa. Grosari ya Dodoma, anaingia mzee wa miaka sitini na kitu, na kijana wa bodaboda anamwita jina la utani kwa kelele bila hata shikamoo? Hilo halipo. Huko Boston wanaita Norm kwa sababu kwao mtu mzima anaitwa jina na haina shida. Nyie mmechukua kile cha kwao mkakibandika na hapo ndo watu wanahisi kuna kitu hakijakaa ingawa hawawezi kukisema.

Tumieni shikamoo! Iko mezani tayari. Mzee anaingia, grosari nzima "Shikamoo mzeeee!", na kila Mtanzania aliyekaa anaangalia anajua kinachofuata ni marahaba, hakuna haja ya kumfundisha mtazamaji kwa miezi. Sasa mzee asitoe marahaba. "Msinishike leo, nimeshashikwa na mwenye nyumba." Siku nyingine, "Marahaba nimeiacha benki kama dhamana." Siku nyingine anaitikia kwa mmoja tu na kuwaambia wengine wasubiri mwisho wa mwezi. Na yule mtumishi wa Dar ambaye ni rika la kati hajui ampe shikamoo au amwambie habari za leo mzee, anajikanyaga, anachelewa, hapo umeshapata Diane wako bila kumuiga Diane.

Halafu hili la kusema utani ukirudiwa unachosha, mbona mtani msibani anafanya yale yale miaka yote? Anajilaza njia ya kwenda makaburini mpaka apewe chochote, wafiwa wanajua atafanya, wamemwekea na hela kabisa, na asipofanya wanamuuliza vipi ndugu yetu leo unaumwa? Watu wanangoja kile wanachokijua. Ila mtani mzuri kila msiba ana maneno ya msiba ule, ya marehemu yule.

MtuWaKizota

Wadau mi nitaongelea upande wa ufundi maana kazi zangu ni za kamera.

Cheers ilikuwa inarekodiwa mbele ya watu waliokaa ukumbini, wanacheka laivu, na sizoni yote ya kwanza hawakutoka nje ya ile baa, hakuna barabara, hakuna nyumbani kwa mtu, ni baa na vyumba vyake basi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea nani anaingia mlangoni. Angalia Norm akiingia anatembea mpaka kwenye kiti chake cha mwisho wa kaunta, kile kile kila siku, na ule mwendo ndo nafasi ya watu kucheka. Swali linakuja akiwa anatembea au anakaribia kukaa, jibu linatoka, bia imeshafika. Nyie Mzee Mafao akiingia mnakata, picha inayofuata ameshakaa! Mmekata pale pale kicheko kilipotakiwa kukaa. Msikate, wekeni simu kwenye stendi aingie atembee mpaka kwenye kiti, na kiti kiwe kimoja siku zote, kiasi kwamba siku akikaliwa na mtu mwingine hiyo peke yake ni stori ya dakika tano.

Na kwa kuwa kwenye simu hamna watu wa kucheka, basi kamera ibaki kwa mhudumu baada ya jibu, tuone sura yake.

Jingine, na hili linanigusa maana naona vikundi vingi vinaharibu hapa, Norm anakunywa kila episodi ila karibu humuoni akiyumba. Hawakutegemea ulevi kuchekesha. Hata Sam mwenye baa ni mtu aliyeacha pombe, zamani alikuwa mchezaji wa besiboli wa Boston Red Sox na ulevi ndo ulimharibia. Komedi ya baa na mwenye baa hanywi! Huku kwetu ukisema sini ya baa basi mwigizaji anaanza kupepesuka na kuongea ulimi mzito, watu wanacheka mara moja imeisha, huwezi kupanda juu yake. George Wendt aliyemuigiza Norm amewahi kueleza kwamba ile bia yenyewe ilikuwa ya kilevi kidogo sana, haina ubaridi, na inatiwa chumvi ili povu likae juu lionekane kwenye kamera, na alikuwa analazimika kuinywa sini baada ya sini. Alikuwemo kwenye kila episodi mpaka mwisho. Amefariki 20 Mei 2025, na episodi ya mwisho ilirushwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1993.

Kibaigwa_Boy

Sawa wakuu nimewasoma, hoja ya shikamoo imenikaa. Ila na mimi bado nasimamia kwamba lazima kuna siku kitu kivunjike, isiwe duara tu. Na Cheers yenyewe walivunja! Kumbukeni ile baa ya jirani ya Gary, miaka na miaka akina Sam wanashindana naye na karibu kila mara wanalizwa, mpaka mtazamaji unaumia kabisa. Sasa 1993 wanakaribia kumaliza wakamleta yule tapeli Harry, akamdanganya Gary kwamba kuna tajiri anataka kiwanja chake, Gary akabomoa baa yake mwenyewe. Ile ilifurahisha kupita kiasi kwa sababu tulishakula vichapo vingi kabla. Wangeifanya mapema isingekuwa kitu.

Na Cliff hivyo hivyo, elimu yake ya bure ilikuwa inaelekea kunichosha, wakaja kumpeleka kwenye shindano la maswali la Jeopardy!, mada zote zikawa anazozijua, akaongoza kwa mbali mno, swali la mwisho akaweka hela zake zote na akakosa zikaisha. Kile kile alichokuwa anachekesha nacho kwenye kaunta ndo kikamwangusha mbele ya taifa zima. Hapo nilimwonea huruma na nikaanza kumsikiliza upya.

Mwl_Mpwapwa

Kibaigwa hapo umenena, na wewe mwenyewe umeona, kuvunja ni baada ya kujenga. Vera mke wa Norm ni hivyo hivyo. Sauti yake ilisikika mara chache, na aliyeitoa ni mke halisi wa George Wendt, ila sura hapana. 1986 kwenye ile episodi ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, wakarushiana chakula, Diane akamrushia Sam pai, Sam akainama, na Vera ndo kwanza anaingia mlangoni, pai yote usoni. Amefika, tumemuona, na hatujamuona! Mtu ameandika kwa akili sana pale, amelipa deni bila kutoa hela.

Na hata msiba wa kweli waliupitisha mle mle. Nicholas Colasanto aliyemuigiza Coach, mhudumu wa kaunta, alifariki Februari 1985, mzee wa watu, yule wa kusahau sahau. Hawakuchukua mtu wa kumuiga. Wakamleta kijana wa shamba, Woody, amekuja Boston kumtafuta Coach maana walikuwa marafiki wa kalamu, na kumbe hawakuwa wanaandikiana barua, walikuwa wanatumiana kalamu. Ni utani ambao Coach mwenyewe angeufanya. Kwa hiyo nafasi ya mtu mwenye moyo safi asiyeelewa haraka ikabaki kwenye kaunta, ila mtu ni mwingine, umri mwingine, chanzo kingine.

Binti_Makulu

Shikamoo Mama Ntyuka, shikamoo Mwalimu, na asanteni wote, nimesoma nimerudia. Kikundi nimeshawatumia hii mada yote na hakuna anayesema tena mzee atoke.

Tumekubaliana shikamoo inaingia na lile jina la Mafao atalitumia mama wa grosari peke yake, tena akiwa ameshika daftari la madeni. Kiti chake ni kile cha karibu na friji. Mtumishi wa Dar tutampa wa kwake, kila siku anaaga, kesho naondoka na SGR jamani tukijaliwa tutaonana, na wote wanampa mkono kwa huzuni, na kesho yake wa kwanza kufika ni yeye.

Kinachonitatiza ni mke wa mzee. Nilikuwa na wazo apige simu ya mhudumu maana ya mzee haina chaji siku zote, ila sijui tusikie sauti yake au tusisikie.

Mama_Ntyuka

Marahaba mwanangu. Msisikie. Mhudumu apokee, "Shikamoo mama... ndiyo mama... hapana mama... haya mama", na mzee anamwangalia mhudumu usoni kujua hukumu. Sisi tutajaza wenyewe alichosema. Ila mama aheshimike, asiwe wa kelele na kutukana, hao wake wa komedi wa kupiga mume kwa mwiko tumewachoka. Awe ndiye mwenye akili ya nyumba, na mzee anamuogopa kwa kuwa anajua ana haki.

MtuWaKizota

Na simu ilie pale mzee ameshika glasi hajanywa. Mkirekodi Jumamosi niambieni, nikitoka mnadani Msalato napita na stendi yangu na maiki, ya kwenu inachukua upepo.